Nafasi Iliyoachwa na Katarina

Marehemu alikuwa wa kubebwa kwa mkono mmoja. Mtungi mweusi wa majivu, mpya kabisa, ulikuwa umekaa ndani ya kaburi la miaka mia tatu, chini ya sakafu ya Kanisa la Mtakatifu Holmger, katikati ya mji wa Norrköping, nchini Uswidi.

"Sijagusa kitu, Inspekta," alisema Jerker, fundi wa mabomba ya joto. "Niliinua jiwe nipitishe bomba, nikakuta mifupa ya mwenye kaburi na huyu mgeni pembeni."

Inspekta Ylva Strandell alipiga magoti, akafuta vumbi kwenye lile jiwe. *Hapa amelala mfanyabiashara Anders Wittkop, aliyefariki 1726, na mkewe mpendwa Katarina, aliyefariki.* Baada ya hapo jiwe lilikuwa tupu. Tarehe ya mke haikuwahi kuchongwa.

"Miaka ishirini nachunguza wizi," alisema Sixten, mtaalamu wa uchunguzi wa kisayansi, akivaa glavu. "Leo ndiyo mara ya kwanza naitwa kwa kitu kilichozidi."

"Punguza maneno, fungua."

Katikati ya majivu palikuwa na kisahani cha udongo wa kuchoma. Kisahani cha namna hiyo huingia tanurini pamoja na jeneza na kutoka pamoja na majivu, ili wafu wasichanganywe. Nambari yake ilisomeka vizuri.

"Na hili jiwe lilikuwa limeshikiliwa na nini?" Ylva alimuuliza fundi.

"Chokaa. Ile ya zamani, ya kuloweka. Siku hizi nani anajua kuikoroga? Labda marehemu babu yangu."

Kufikia adhuhuri, ile nambari ilikuwa imepata jina. Hedvig Lantz, miaka themanini na mmoja. Alifariki peke yake nyumbani kwake Novemba ya mwaka jana, akagunduliwa siku ya kumi na mbili. Hakuwa na mume, mtoto wala mpwa, na ibada ya mazishi haikufanyika. Rejista ilisema majivu yake yalizikwa mwezi wa Mei katika bustani ya kumbukumbu, ambako watu huzikwa bila jina wala alama. Aliyetia sahihi ni Alvar Rönnbom, mtunza kanisa.

Siku kumi na mbili. Ylva aliirudia ile sentensi. Asubuhi ile, kama kila asubuhi, alikuwa amesimama nyuma ya mlango wake akisikiliza mpaka nyayo za jirani ziishe kwenye ngazi, ndipo naye akatoka. Jina la jirani huyo alilijua kwa kulisoma mlangoni tu.

Alirudi kanisani, akachukua kijitabu cha historia kwenye meza ya mlangoni. Kilieleza jinsi Warusi walivyouchoma mji mwaka 1719 na kuacha kuta tupu, na jinsi watu walivyolijenga kanisa upya. Kisha ukurasa wa thelathini: Katarina Wittkop aliolewa tena, akazikwa Stockholm. *Nafasi yake i wazi hadi leo.* Mwandishi: Alvar Rönnbom.

Alimkuta katika chumba cha nyuma, mzee mrefu aliyeinama kidogo, mbele yake chupa ya kahawa na kikombe kimoja.

"Mzee Alvar, nani anajua kwamba nafasi ya Katarina ni tupu?"

"Waliosoma kitabu changu."

"Wangapi hao?"

"Nakala kumi na moja zimetoka. Mbili nilichukua mwenyewe."

"Na wangapi kati yao wanajua kukoroga chokaa?"

Alvar alijimiminia kahawa.

"Mwezi wa Mei uliandika kwamba umemzika Hedvig Lantz. Ulimzika?"

"Nilimzika."

"Wapi?"

Alvar aliweka kikombe chini. "Pale alipokuwa akikaa."

Ylva alivuta kiti. Mzee alisema akiangalia ukuta.

"Miaka kumi na tisa, Inspekta. Nikifungua mlango saa tatu, yuko nje. Benchi la saba. Nasema asubuhi njema, naye anasema asubuhi njema. Basi."

"Hamkuzungumza kabisa?"

"Mara moja. Aliniuliza nani amelala chini ya miguu yake, nikamsimulia habari za Katarina. Akacheka sana. 'Mwanamke kaandaliwa mahali na hakutokea! Mimi ningetokea.'"

"Hata kahawa hamkunywa?"

"Nilitaka. Nikaona nitamsumbua. Alipoacha kuja, siku ya kwanza nikasema ana mafua. Siku ya tano nikasema kasafiri. Mji mzima huu, mimi peke yangu ndiye niliyejua kwamba hayupo, nami nikanyamaza. Harufu ndiyo iliyowaita ninyi. Halafu waniambie nimfukie bustanini pasipo jina? Mikono ilikataa."

"Umevunja sheria ya amani ya makaburi, na umeandika uongo katika rejista. Faili linakwenda kwa mwendesha mashtaka. Funguo za kanisa utazikabidhi leo."

"Nihukumuni. Lakini yeye mnampeleka wapi?"

"Hapa hawezi kubaki."

"Bustanini, basi."

"Kwa nini hukumwombea kaburi?"

"Mimi si ndugu yake."

"Nani kakwambia lazima uwe ndugu?"

Alvar aligeuka, akamtazama usoni kwa mara ya kwanza. "Siyo lazima?"

"Kaburi hupewa aliye tayari kulitunza. Ungeuliza tu, mzee wangu."

"Sikutaka kumsumbua mtu."

Ylva alivuka uwanja chini ya mvua ya theluji hadi ofisi ya makaburi, akarudi na fomu. Alvar alivaa miwani. Jina la marehemu. Siku ya kuzaliwa. Siku ya kufa. Jiwe lenye jina: ndiyo. Kisha kalamu ikasimama.

"Hapa wanauliza uhusiano na marehemu," alisema. "Niandike nini?"

"Ukweli. Leo umeshauanza."

Mzee aliinamia fomu. Kisha, kwa mwandiko wa mtu aliyezoea rejista za kanisa, akaandika polepole: *Tulikuwa tukisalimiana.*