Ndege Hawajui Kama Nakupenda

"Abiria wa jukwaa la nne, treni yenu inaondoka sasa hivi. Na ninyi wazee wangu wenye darubini shingoni, mnaokwenda kutazama ndege ziwani, msikimbie, mtavunjika viuno bure! Nimeshaongea na dereva, anawasubiri. Yule dada mwenye koti la kijani anayewahangaikia kama kuku na vifaranga vyake, naye avute pumzi kidogo."

Stesheni nzima iligeuka. Wapagazi waligeuka, wauza magazeti waligeuka, hata mtoto aliyekuwa akilia mgongoni mwa mama yake alinyamaza kutafuta koti la kijani lilipo. Lilikuwa moja tu. Mwenye nalo alisimama katikati ya umati, begi begani, uso umemuiva kwa aibu, na wale wazee aliokuwa akiwasindikiza wakacheka hadi mmoja akaangusha kofia yake relini.

Aliwapandisha wote behewani, akawapungia mkono hadi treni ikapinda kona. Kisha akainua macho. Juu ya ukumbi palikuwa na kibanda cha kioo, na ndani yake alimwona kijana mwenye shati jeupe lililonyooshwa vizuri na tai nyekundu, anakunywa chai kama mtu asiye na dhambi. Dada akapanda ngazi mbili mbili.

"Nani amekupa ruhusa ya kunitangaza?"

"Salamu kwanza, dada. Au hasira imeshazimeza?"

"Sina salamu na wewe. Mimi si mzigo uliopotea hata nitangazwe stesheni nzima!"

Kijana alinyoosha kidole taratibu kuelekea mezani. Kipaza sauti kilikuwa bado kinawaka taa nyekundu. Kutoka chini kilipanda kicheko kikubwa kama wimbi, na pagazi mmoja akapaza sauti: "Asiye na mwenyewe tunamchukua sisi!"

Dada akajikaza asicheke. Alishindwa.

Ndivyo walivyoanza. Stesheni nzima ilimwita kijana yule Sauti, na wengi walikuwa hawajui kwamba ana jina jingine. Yeye naye hakuchelewa kumpa dada jina. Siku ya tatu ya kunywa chai pamoja katika mkahawa wa stesheni, alimwuliza kazi yake hasa ni nini.

"Napanga safari."

"Za wapi?"

Dada alikuwa mtu wa maneno machache, lakini swali hilo lilimfungua. Akachukua chumvi, akaimwaga mezani vichuguu vichuguu. Akamweleza kwamba mbali sana baharini, mahali ambapo ramani nyingi huishiwa na mambo ya kuonyesha, kuna safu ya visiwa vilivyotapikwa na volkano. Mawe yake ni meusi, yalimwagika kama uji wa moto kisha yakaganda yakiwa bado na mikunjo. Humo mna kobe wakubwa kama meza, sili wa baharini wanaolala gatini kama walevi, na ndege wanaotaga katikati ya njia kwa sababu tangu dunia iwe dunia hakuna aliyewafukuza.

"Hawaogopi watu?"

"Hawajui kuogopa. Ndiyo maana anayefundishwa si mnyama, ni mgeni."

Alikuwa amejifunza yote hayo mwenyewe, kwa vitabu vya kuazima na kwa kumpigia simu mlinzi mkuu wa visiwa hivyo, mama mmoja mkali aliyemkatalia mara nyingi hadi akachoka kukataa. Ofisini kwake walimcheka. Walizoea kuuza safari za simba na za ziwani, vitu vya karibu. Lakini sasa kibali kilikuwa kimetoka: boti moja, wageni wachache, na yeye mwenyewe kiongozi. Sharti lilikuwa moja. Mgeni wake yeyote akishtua ndege kiotani, kibali kinakufa, na hakitafufuka.

Sauti aliitazama ile chumvi muda mrefu kuliko alivyowahi kunyamaza.

"Basi wewe ni nahodha," alisema. "Nahodha wangu."

Kuanzia hapo simu hazikukoma. "Nahodha, umekula?" "Nimekula." "Umekula nini?" "Sauti, nina kazi." "Kobe wamekula?" Nahodha akawa anacheka peke yake ofisini, mbele ya ramani kubwa iliyofunika ukuta mzima, hadi wenzake wakatazamana. Jioni alipopita stesheni, hakuna aliyeshangaa kusikia kipaza sauti kikikohoa na kusema: "Jukwaa la pili liko salama. Moyo wa mtangazaji hauko salama."

Sasa, Nahodha alikuwa na utaratibu wake ambao hakuna ofisi nyingine iliyoujua. Kila aliyetaka kwenda visiwani alipandishwa kwanza kwenye paa la jengo lao, mahali njiwa wa mjini walipokaa kwa mamia. Alikalishwa kwenye kigoda, akawekewa punje za mchele karibu na viatu vyake, akaambiwa akae kimya, asicheze na simu, asijikune kwa pupa. Njiwa wakija kula miguuni pake kabla kengele haijalia, amefaulu. Wasipokuja, asafiri kwingine. Daktari mmoja maarufu alikataliwa kwa sababu ya kupiga chafya kwa makusudi. Bibi mmoja mfumaji alifaulu hadi njiwa akalala juu ya kiatu chake.

"Niweke kwenye kundi," Sauti alimwambia siku moja. "Likizo ninayo, na huko nina jambo langu."

"Jambo gani?"

"Jambo la mdomo wa volkano. Utalisikia tukifika."

Nahodha alifurahi hadi akaogopa furaha yake. "Utakaa paani kama wengine."

"Kukaa? Kukaa ni kazi? Mpenzi, mimi nimekaa kibandani miaka!"

Siku ya majaribio alikuja amependeza kupita kiasi: koti jipya la mifuko mingi, kofia pana, viatu vya kupanda milima ambavyo bado vilikuwa vinanuka duka. Wageni wengine walikaa kwenye vigoda vyao, macho chini. Jua lilikuwa laini. Njiwa walizunguka, wakatua mbali, wakaanza kusogea kwa hatua zao za kutikisa shingo. Mmoja, kijivu mwenye shingo ya zambarau, akamfikia Sauti hadi kwenye ncha ya kiatu.

"Karibu, mheshimiwa!" akasema Sauti.

Alisema kwa upole, kwa kipimo chake. Lakini sauti ile ilikuwa imezoea kujaza ukumbi wa treni. Paa zima liliruka. Mbawa zilipiga kama makofi, vumbi likatimka, na punje za kila mtu zikabaki bila mlaji.

"Samahani, samahani jamani! Ni adabu tu, nimemkaribisha mgeni."

Watu walicheka. Wakaanza upya. Safari hii hakusema neno, ila alipomwona yule njiwa anarudi, furaha ilimzidi akaanza kuvuma wimbo puani. Paa likaruka tena.

Nahodha alisimama. Mkononi alishika kile kikengele kidogo cha shaba, amekibana kisilie.

"Sauti, wewe hutakwenda."

"Haya, Nahodha, utani huo..."

"Sitanii."

"Hata mimi?"

"Hata wewe."

Wageni walitazama viatu vyao. Sauti alipapasa mfuko mmoja wa lile koti jipya, kama mtu anayehakikisha kitu bado kipo, akainuka, akashuka ngazi.

Jioni alipiga simu.

"Niambie ukweli. Unanionea haya, sivyo? Mtu wa kipaza sauti kusimama na wageni wako wenye darubini."

"Si hivyo kabisa."

"Mbona umenikataa mbele yao?"

"Kwa sababu ulishindwa mbele yao! Sauti, nisikilize. Ndege wa kule akishtuka huacha yai juani, juu ya mawe meusi. Likiachwa kidogo tu, linaiva. Ningekupitisha kwa kuwa ni wewe, ningekuwa mwizi. Ndege hawajui kama nakupenda."

Upande wa pili palisikika kikombe kikiwekwa mezani.

"Hata mimi sijui," Sauti alisema, na simu ikakatika.

Stesheni ilibadilika. Kipaza sauti kilitaja majukwaa na saa, basi. Wapagazi walimtazama Nahodha kwa lawama kila alipopita, na simu alizompigia Sauti ziliita hadi zikachoka. Kisha Nahodha akapigiwa simu na mama yake.

"Mwanangu, umemfanya nini yule kijana? Nimepita stesheni leo, anatangaza treni kama anasoma tanzia."

"Mama, alishindwa jaribio."

"Unajua alikuja kwangu kuniuliza saizi ya kidole chako? Alitaka akuvishe pete huko huko, juu ya huo mlima wako wa moto. Nilikatazwa kusema, lakini nimeshindwa."

Nahodha alikaa chini. Nje ya dirisha njiwa wawili waligombania kipande cha mkate.

"Hebu mchukue tu," mama akasema. "Mtu mmoja atawafanya nini hao ndege?"

"Atawakaribisha, mama. Kwa moyo wake wote. Nao watakimbia."

Mama akacheka taratibu. "Haya. Ulikuwa hivyo hivyo tangu mdogo, ukishika neno hata baba yako hakuwezi. Nenda, binti yangu. Nenda ukiwa umenyooka mgongo. Wa kwako atakungoja."

Asubuhi ya kuondoka aliwapanga wageni wake chini ya saa kubwa ya stesheni. Treni ingewafikisha bandarini, na bandarini meli. Alivaa lile koti la kijani, lililofuliwa na kupigwa brashi mifuko yote ili asibebe hata mbegu moja ngeni visiwani. Hakutazama juu. Kipaza sauti kikawaka.

"Abiria wa treni ya bandarini, jukwaa la nne."

Watu walikuwa wameanza kusogea iliporudi tena ile sauti, safari hii nzito, yenye uhai.

"Mwenye koti la kijani ni nahodha. Safari hii ameipanga mwenyewe, kisiwa kwa kisiwa, wakati wengi wetu tulikuwa tunacheka. Hapendelei mtu. Mimi ni shahidi. Jamani, mpisheni njia."

Umati ukagawanyika. Mtu mmoja alianza kupiga makofi, kisha wote. Nahodha alipita katikati yao kichwa juu, machozi yakimshuka bila yeye kuyafuta, na alipogeuka kutazama kibanda cha kioo aliona mgongo wa shati jeupe tu. Sauti hakushuka.

Visiwa vilikuwa vile vile alivyovimwaga kwa chumvi, ila vikubwa na vyenye harufu ya moto wa kale. Siku ya kwanza ndege mkubwa mweupe alikuwa amelalia yai katikati ya njia, na wageni wake walikaa chini mmoja mmoja bila kuambiwa, wakanyamaza. Ndege aliinuka, akaligeuza yai mbele yao, akalalia tena. Mlinzi mkuu, mama mfupi mwenye kofia ya majani, alitazama yote hayo akiwa amefunga mikono.

"Hawa umewapata wapi?"

"Paani," Nahodha alijibu.

"Msimu ujao njoo tena. Na ule utakaofuata."

Kule jabalini ndege dume mmoja alikuwa akipiga kelele kuelekea mbinguni, kifua kimetuna, mdomo wazi, akimzunguka jike aliyesimama kimya kabisa. Hakuna aliyemkataza. Nahodha alimtazama hadi wageni wakaenda mbele bila yeye. Hakujuta kumkataa Sauti. Alijuta kitu kingine: kwamba angeweza kumvuta pembeni, hatua chache tu nyuma ya tangi la maji pale paani, akamwambia neno lile lile kwa sauti ya kusikika na wao wawili tu.

Aliporudi mjini, kibanda cha kioo kilikuwa na mtangazaji mwingine. Akaenda ofisini na begi lake begani, na mlangoni akakutana na mama mfagiaji, amejishika kiuno.

"Afadhali umerudi. Yule mtu wako atamaliza mchele wa mjini. Kila akitoka kazini yuko paani. Mwanzoni njiwa walimkimbia, nikawa nacheka na ufagio wangu. Sasa hivi sicheki tena."

Nahodha alipanda ngazi polepole, akavua viatu katika ngazi ya mwisho.

Sauti alikuwa kwenye kigoda, tai nyekundu imelegea, mikono magotini. Njiwa walimzunguka kama kapeti. Yule kijivu mwenye shingo ya zambarau alisimama juu ya kiatu chake cha mlimani, ambacho sasa kilikuwa kimechakaa na kupakwa kinyesi. Macho yake yalimwona Nahodha, yakapanuka. Mdomo ulitetemeka. Haukufunguka.

Nahodha akavuta kigoda, akakaa karibu naye, akaweka kikengele mapajani.

"Usijibu," alinong'ona. "Kengele bado."

Njiwa mmoja aliinua kichwa, akakiinamisha tena.

"Nilikuwa na haki ya kukukataa. Sikuwa na haki ya kukukatalia mbele za watu. Nisamehe."

Sauti alipepesa macho mara moja.

"Mama ameniambia ulichokuwa nacho mfukoni. Usimkasirikie, hajui kutunza siri. Msimu ujao nina boti, na nina nafasi moja ya mtu anayejua kunyamaza. Lakini kabla ya hapo nenda nyumbani kwetu ukazungumze na baba. Jibu langu ni ndiyo, ila swali ukamwulize yeye kwanza, kwa adabu, na usimpigie kelele, ana presha."

Chozi lilimtoka Sauti, likapita shavuni, likaning'inia kidevuni. Hakulifuta. Lilidondoka karibu na njiwa, na njiwa akalidonoa akidhani ni punje. Mtu yule aliyeweza kuisimamisha stesheni kwa neno moja alikaa kama jiwe lililoganda, na Nahodha alimtazama kwa fahari ambayo hakuwahi kuionea hata ramani yake. Aliacha muda upite. Alitaka kumtazama vizuri alivyotulia.

"Umefaulu," akasema.

Sauti akaanza kuvuta pumzi taratibu, pumzi ndefu, ile ya mtu wa kipaza sauti, kifua kikatuna hadi kifungo cha shati kikalegea. Nahodha akaziba sikio moja kwa kiganja, na kwa mkono mwingine, akicheka, akapiga kengele.