Waliokuja Kumposa Atupele Niliwakaribisha Mwenyewe

"Na huyu ni nani?" yule mama aliuliza, akinikagua kuanzia kichwani mpaka kwenye taulo.

Atupele hata hakumeza mate.

"Kaka yangu."

Mimi nina mswaki mdomoni, povu limejaa. Miaka miwili nalala kitanda kimoja na huyu mwanamke, hapa hapa Glenwood, Sauzi, halafu leo nimekuwa kaka.

"Oh, bhuti, kaka!" akadakia jamaa aliyekuja na yule mama. Mrefu, shati limepigwa pasi mpaka linakata. Akanipa mkono. "Mimi Sandile. Mkuu wa idara ya dada yako."

Dada yangu. Haya.

Yule mama anaitwa Deborah, ndiye anayeshughulikia mambo ya wafanyakazi kwenye kampuni ya Atu. Atu ni injinia wa umeme, anatengeneza kreni za kushushia makontena kule bandarini, upande wa Bluff. Kampuni ilikuwa imekubali kumdhamini apate PR, yaani akae Sauzi moja kwa moja bila kuhangaika na vibali. Deborah alitaka kujua anaishi na nani kabla mwanasheria hajafunga faili. Na barua ya ajira ya kudumu lazima isainiwe na huyo Sandile. Hakuna barua, hakuna PR, na kibali cha kazi cha Atu kilikuwa kinaelekea kuisha.

Walipoondoka nikatema povu.

"Kaka?"

"Chacha, usianze."

"Mimi ndiyo nimeanza? Kaka wa tumbo gani? Mimi Mkurya, wewe Mnyakyusa!"

"Wao watajuaje?"

"Eti watajuaje!"

"Sikiliza. Faili langu toka mwanzo linasema niko peke yangu. Nikisema nina mwanaume, mwanasheria atauliza karatasi zake. Karatasi zako ziko wapi?"

"Zinashughulikiwa."

"Kila nikiuliza zinashughulikiwa! Zinashughulikiwa na nani, na malaika?"

"Ungesema hata rafiki."

"Rafiki yuko na taulo?"

Nikalikaza taulo, hasira zinanipanda.

"Nivumilie mpaka asaini," akasema. "Akishasaini nasema ukweli wote. Nakuapia."

Basi tukanuniana. Chakula tunakula, maneno hakuna.

Mimi natengeneza simu mjini, kwenye duka la Séverin, Mkongo mmoja mwenye mdomo. Nikamsimulia. Angalau nilitegemea anionee huruma.

"Petit, mdogo wangu, weye uko na roho ya kuku!" akasema. "Bibi yako anakuita kaka, na weye unajibu nini?"

"Nilikuwa na mswaki mdomoni."

"Ungetoa! Mswaki iko na misumari?"

Simu yangu ikaita meseji. Atu.

"Sandile kaomba namba yako nikampa. Muongeleshe vizuri tafadhali, hajasaini bado."

Haikupita muda, namba ngeni ikapiga.

"Bhuti, habari. Ni Sandile. Wajomba zangu wangependa kuja kukusalimia Jumamosi. Utakuwepo?"

Nikajua huo ni ukaguzi. Kampuni inataka kuhakikisha kama kweli mimi ni kaka. Nikasema nisije nikamuharibia mwanamke.

"Karibuni sana, sharp sharp."

Atu sikumwambia. Si tumenuniana?

Jumamosi Atu alikuwa na zamu. Mimi niko kwenye kochi, nasikia watu wanapiga kelele getini. Nachungulia, wazee wawili, wamevaa kofia na makoti na jua lote lile, wanaita kwa sauti kubwa, wanataja majina ya ukoo kama wanahutubia mkutano. Majirani wote madirishani.

Sasa kwetu Tarime, mtu mzima akisimama nje ya boma lako akataja ukoo wake, humuachi juani. Nikakimbia kufungua.

Wakaangaliana. Wakatabasamu mpaka magego.

Hakuna aliyekuwa ameniambia kwamba kwa Wazulu, wageni wa namna ile unawaacha wasimame kwanza nje, waite mpaka wachoke. Ukifungua, maana yake nyumba imekubali mazungumzo. Na mimi nimefungua kama mtu aliyekuwa anawangoja tangu asubuhi.

Walipokaa, mkubwa wao akatoa chupa ya brandi.

"Hii ni ya kukufungua mdomo," akasema.

Nikaona wakaguzi wa huku wana adabu sana. Nikaleta glasi, nikamimina, nikanywa wa kwanza.

"Vizuri!" akasema yule mzee. "Mdomo umefunguka. Tumekuja kuomba undugu mwema. Kijana wetu Sandile amemuona dada yako."

Brandi ikanitokea puani.

"Amemuona vipi?"

"Amempenda. Baba yenu tumeambiwa yuko mbali. Basi wewe kaka ndiye baba. Tuongee ng'ombe."

Eish! Nikisema ukweli, barua haijasainiwa. Nikinyamaza, namuozesha mwanamke wangu mwenyewe. Halafu kuna balaa lingine: mimi ni Mkurya. Nikisikia neno ng'ombe, kichwa kinaenda chenyewe.

"Desturi yetu ni kumi na mmoja," mzee akasema.

"Kumi na mmoja? Kwa injinia?"

Imenitoka. Nakwambia imenitoka tu!

Mzee wa pili akacheka, akampiga mwenzake bega. "Huyu anajua. Huyu ndiye mtu wa kuongea naye."

Mlango ukafunguka. Atu huyo, buti za kazini miguuni, kofia ngumu mkononi. Akaangalia wazee, akaangalia chupa, akaniangalia mimi.

"Chacha, hawa akina nani?" akaniuliza kwa Kiswahili.

"Wajomba wa Sandile. Wamekuja kukuposa."

"Nini?"

"Tuko kwenye ng'ombe."

"TUKO?"

Akanivuta jikoni karibu anitoe mkono.

"Unaniuza, Chacha?"

"Ulinipa cheo mwenyewe, nafanya kazi ya cheo!"

"Si ungekataa!"

"Nikatae niseme nini? 'Samahanini wazee, dada yangu nalala naye'? Halafu barua asaini nani?"

Akaweka kofia yake juu ya jiko, akaitoa tena, hajui anafanya nini.

"Atu, mimi nimechoka," nikamwambia. "Nimekuwa kaka kwa wakubwa zako. Leo nimekuwa mkwe wa watu. Kesho Sandile akija kukubusu, nishike pochi? Nirudi pale nikaseme ndiyo, au niseme hapana?"

"Unajua nilivyosota na hili faili? Mama yangu Tukuyu anaamka usiku kuliombea. Nikiharibu leo narudi kwetu mikono mitupu."

"Basi usiharibu. Mimi nahamia kwa Séverin. Nguo nitafuata."

Nikageuka kweli. Sikuwa natishia. Nilikuwa nimeshafika kwenye mlango wa jikoni aliponipita kwa nguvu, bega likanigonga, akaenda kusimama mbele ya wale wazee. Akapiga magoti, na buti zake zile.

"Wazee wangu, nisameheni. Huyu si kaka yangu. Ni mwanaume wangu. Nilidanganya kazini kwa sababu niliogopa."

Nje gari linapiga honi.

Mzee mkubwa akafunga chupa yake, akairudisha kwenye koti. Akasimama taratibu.

"Kijana ametutuma kwenye boma lenye mwenyewe," akamwambia mwenzake.

"Na mwenyewe katunywesha brandi yetu," mwenzake akasema, na akaniangalia, nikatamani sakafu inimeze.

Sandile alikuwa anangoja kwenye gari pale kona, maana kwa mila yao muoaji haingii. Wakamwita. Akaja amevaa suti. Hiyo suti ndiyo iliyonimaliza. Mtu alikuwa amejiandaa kwa furaha.

"Ni kweli?" akamuuliza Atu.

"Kweli."

"Umenifanya mjinga mbele ya wajomba zangu."

"Ndiyo. Nisamehe."

"Ungesema tu una mtu. Ningeumia siku mbili, yakaisha."

"Niliogopa usingesaini."

Sandile akamtazama.

"Kwa hiyo ulidhani mimi ni mtu wa namna hiyo?"

Atu akainamisha kichwa. Hata mimi niliyekuwa namchukia kuanzia pasi ya shati lake, nikaangalia pembeni.

"Jumatatu nenda kwa Deborah ukaseme mwenyewe," Sandile akasema. "Mimi sisaini uongo."

Akaondoka na wazee wake.

Kwa Séverin sikuhamia tena. Ila Jumapili yote hatukuongea. Ya nini, na kila mtu anajua PR imeshakwenda na maji?

Jumatatu mchana Atu akapiga. Séverin akazima redio ili asikie vizuri, mbea yule.

"Deborah kanitukana, Chacha."

"Kasemaje?"

"Kasema kuwa na mwanaume si kosa, uongo ndiyo unaoua faili. Mwanasheria anaanza kuandika upya, na wewe uwemo. Karatasi zako anazitaka mezani. Za kweli, siyo za 'zinashughulikiwa'."

"Na barua?"

Akavuta kamasi.

"Atu, barua?"

"Sandile kasaini." Sauti ikakatika. "Kasaini, akanisukumia karatasi, hakuniangalia usoni."

"Sasa unalia nini, si kasaini?"

"Ndiyo maana nalia, mjinga wewe."

Séverin akawasha redio.

Sasa usifikiri mambo yalikwenda haraka. Karatasi zangu zilinitoa roho. Uhamiaji foleni asubuhi, foleni mchana, unafika dirishani unaambiwa mtandao hakuna, njoo kesho. Kesho unaambiwa picha uliyopiga masikio hayaonekani. Masikio! Mpaka walinzi wakawa wananiuliza habari za nyumbani. Mzee wangu Tarime naye, kusikia tunataka kuoana, kapiga simu, anataka kujua Wanyakyusa wanataka ng'ombe wangapi, na kwa nini anaambiwa mwishoni. Nikamkabidhi baba yake Atu namba, wapambane wenyewe.

Karatasi zilipotoka, tulifunga ndoa Alhamisi, kwa sababu ndiyo siku Atu aliyopewa ruhusa. Séverin alikuja na suti ya njano, akaimba kabla hatujaitwa, tukaambiwa atulie. Deborah alikuja na keki. Sandile hakuja, na hakuna aliyemtegemea.

Pale nje, kwenye ngazi za ofisi ya ndoa, Deborah akamshika Atu mkono, akamwambia ukweli wake: faili sasa ni refu, limeongezeka mtu, huko Pretoria wanakoamua linaweza kulala sana, linaweza hata kukataliwa.

"Likikubaliwa tunabaki wote," Atu akamjibu. "Likikataliwa narudi Tukuyu na mume wangu, mama ataacha kuomba, atatupikia."

Alisema kwa sauti, kwenye ngazi zile, watu wanapita, mpaka dereva wa teksi aliyekuwa amesimama kwenye robot, zile taa za barabarani, akapiga honi kutupongeza.

Mpaka leo PR haijajibiwa.