Mji wa Chaki

Asubuhi ile ya mwaka 1955, zamu ya kufagia darasa la nne pale Newala ilikuwa ya Cuthbert. Alipotoka kwenda kumwaga taka, mwanafunzi mwenzake Stamili, kwa kiherehere chake, alichukua kitambaa akafuta ubao wote.

Alipomaliza ndipo akakumbuka. Jana Mwalimu Bartholomayo alichora pale mji wa Dar es Salaam kwa mistari michache tu: maghorofa matatu, mnara wa kanisa na mnara wa msikiti. Alisema mchoro usiguswe. Mkaguzi wa shule angekuja saa tatu kuona somo la jiografia.

Stamili aliokota chaki akachora upya. Dar es Salaam hakuwahi kuiona. Kengele ilipolia alikuwa ameketi.

"Shikamoo, Mwalimu!"

"Marahaba." Mwalimu akautazama ubao. Kando ya kila ghorofa palikuwa na duara kubwa. "Nani kauchezea mchoro wangu?"

Watoto wakamgeukia mwenye zamu.

"Cuthbert! Si wewe uliyechora punda kwenye daftari la dini?"

"Lile la punda kweli, Mwalimu. Lakini hili si mimi, haki ya Mungu!"

"Na uongo juu! Kalete fimbo. Kesho uje na baba yako."

Nje gari la mkaguzi likasikika likipanda. Cuthbert akaifuata fimbo pembeni huku machozi yakimtiririka. Stamili aliona aibu mpaka masikio yakawaka moto. Akainuka.

"Ni mimi, Mwalimu. Nilifuta kwa bahati mbaya, nikachora tena."

"Na maduara haya?"

"Visima vya mvua, kama vya hapa kwetu. Mabati yote yale, Mwalimu, bila kisima maji si yatapotea bure?"

Darasa likaangua kicheko, ingawa hakuna aliyejua wapi pengine watu wa mjini wangepata maji bila kushuka bondeni na ndoo. Mwalimu hakucheka.

"Kule maji huja kwa bomba," alisema. "Cuthbert, mwanangu, nimekukosea. Nisamehe, ukae."

"Nami nisamehe, Cuthbert," Stamili akanong'ona.

Mwalimu alikwisha kufuta maduara. "Mchoro, Stamili, nautengeneza kwa dakika moja. Lakini mwenzako ameitwa mwongo mbele ya darasa zima, nawe ulikuwa umekaa unatazama. Siku nyingine ukikosea, sema kabla mwenzako hajalia."

Mkaguzi akabisha hodi mlangoni.