Mngurumo Wakati wa Adhana

Mtaa wa Msimbazi asubuhi hauna nafasi ya mtu kusimama akafikiri. Ukisimama, mwenye mkokoteni anakupigia mluzi, mama wa vyombo vya plastiki anakusogeza kwa kiwiko, na mpiga debe wa duka la viatu anakuita shemeji. Sabaha alipoingia duka la vipuri la Samson alikuwa ameshachoka kusukumwa. Mtandio ulimteleza mpaka mabegani, na baibui lake lenye nakshi za dhahabu lilishika vumbi pindoni.

"Nataka kile kilango cha umeme kinachofungwa kwenye ekzosi," alisema. "Kile ambacho ukibonyeza swichi gari linanguruma, ukibonyeza tena linanyamaza."

Samson alimtazama mara mbili. "Cha nani, dada? Cha bwana?"

"Cha gari langu. Bwana bado yuko kwenye kontena, hajashushwa."

Mtu aliyekuwa ameinama pembeni akichagua nyaya alicheka kwa pua. Alipoinuka, Sabaha aliona ovaroli la buluu lililofuliwa likapigwa pasi, jambo ambalo si la kawaida kwa fundi wa gereji za mtaa wa Gerezani, na macho yenye utani uliokuwa unatafuta pa kutokea.

"Samahani, dada. Mimi Fikirini, fundi umeme wa magari. Gari gani?"

"Mark Two nyeupe. Nabeba maharusi. Mabwana harusi wa siku hizi wanataka msafara ukipita watu watoke nje kuangalia. Lakini nyumbani kwetu Magomeni kelele hazitakiwi. Baba yangu ni muadhini, na msikiti uko pale pale kwenye kona."

"Kwa hiyo unataka gari lenye tabia mbili."

"Nataka gari lenye adabu. Likiambiwa linyamaze, linyamaze."

Fikirini alimgeukia Samson, wakatazamana kidogo. "Hicho kitu hakipo sasa hivi," Samson akasema huku akijikuna shingo. "Kinakuja na mzigo."

"Niachie namba yako," Fikirini akasema. "Kikifika nitakujulisha."

Kesho yake simu iliita.

"Asalaam alaykum, Sabaha. Kilango hakijafika."

"Waalaykumu salaam. Umenipigia kuniambia kwamba hakijafika?"

"Nimeona usije ukakaa na wasiwasi."

Akapiga tena keshokutwa, na siku iliyofuata, kila siku na habari ile ile. Sabaha akaanza kuweka simu karibu na sahani ya chakula. Baadaye akakumbuka kwamba taa ya nyuma ya gari inapepesa, akalipeleka Gerezani. Mara nyingine ikawa honi. Alikaa kwenye kiti cha plastiki akinywa kahawa chungu na kutafuna kashata, na Fikirini akafanya kazi huku redio ya gari imewashwa, maana fundi yule hakuweza kushika hata bisibisi bila redio. Asubuhi kaswida, mchana taarabu, jioni mpira. Lakini adhana ikilia alichomoa ufunguo wa gari, akanawa mikono kwa sabuni ya unga, akaenda kuswali. Sabaha hakumwambia, ila kilichomvuta moyo ni kule kunawa mikono.

"Wewe kila siku gari lako linaumwa," Fikirini alimwambia siku moja. "Mwenye nalo haumwi?"

"Mwenye nalo ana daktari wake."

"Nani huyo nimloge?"

"Bado anasoma. Akifaulu nitamtaja."

Haukupita muda mrefu, Fikirini akasema neno la kiume: Jumapili atamtuma mshenga Magomeni. Sabaha aliinamisha uso kwenye kikombe cha kahawa. Alijua kwamba kwa mama yake, Bi Siti, hapatakuwa na tabu. Ila baba yake, Mzee Abdulmajid, hakuwa mtu wa kumpa binti yake kijana yeyote tu, na bila radhi ya baba yeye hakuwa na mume wa kutafuta.

Alhamisi ile kilango kikafika. Kijana wa kuchomelea alikata bomba la moshi, akakibandika mahali pake, na Fikirini akaingia chini ya dashibodi na taa yake ya kupimia. Redio ilikuwa inaimba.

"Antena yako iko wapi?"

"Vibaka waling'oa hapo Kariakoo."

"Wametusaidia. Wamekuachia waya wake, na umeme wake unakuja redio ikiwashwa tu. Nitaiungia rilei hapa, ile swichi ndogo inayojibana yenyewe ikipata umeme, kilango chako kisije kikala betri gari likiwa limelala." Alichuna nyaya, akazisokota, akazifunga kwa utepe mweusi. "Bonyeza."

Sabaha akabonyeza. Gari likanguruma mpaka mafundi wa jirani wakapiga makofi. Akabonyeza tena, likanyamaza kama mtoto aliyepewa ziwa.

"Sasa ukifika Magomeni mtaa mzima utajua Sabaha amekuja," Fikirini akasema.

"Thubutu."

Akiwa njiani kurudi alipita kumshukuru Samson. Samson akacheka. "Shemeji, kilango kilikuwepo tangu siku ile ya kwanza. Alinikonyeza. Alitaka sababu ya kukupigia."

Sabaha alicheka pia, lakini si kwa moyo wote. Kumbe anaweza kusema uongo wiki nzima kwa sauti tamu vile.

Ijumaa, wakati wa alasiri, alisimamisha gari mbele ya nyumba yao, injini ikiunguruma taratibu, akimsubiri Bi Siti waende kwenye harusi. Alivaa dera la zambarau, na hina ilikuwa bado mbichi vidoleni. Kipaza sauti cha msikiti kikakohoa, sauti ya Mzee Abdulmajid ikaanza. Sabaha akanyoosha mkono akazima redio, kama alivyozoezwa tangu utoto.

Chini ya miguu yake kitu kikalia krrr, na gari likapasuka kwa mngurumo.

Alibonyeza swichi. Halikusikia. Akabonyeza tena na tena. Wazee wa barazani wakageuza shingo, watoto wakashangilia, na ile sauti ya baba yake ikakatika katikati ya shahada. Alipokumbuka kuzima gari, mtaa ulikuwa kimya, na katika kimya kile Mzee akaanza upya, sauti inatetemeka.

Jioni Mzee Abdulmajid alirudi, akavua kofia, akakaa. Hakugomba. "Nilidhani ni vijana," alisema. "Nikasema labda watu wamechoka na sauti yangu, imezeeka. Kumbe ni gari la mwanangu." Akanyanyuka akaenda chumbani bila kula.

Bora angemgombeza.

Simu ya Fikirini ilipoita, Sabaha aliipokea akiwa amesimama.

"Laazizi, harusi imekwendaje?"

"Ulisema mtaa mzima utajua. Umejua."

Akamweleza, maneno yakigongana na machozi. Fikirini akasema, "Saba, haki ya Mungu sikufanya kitu."

"Usimtaje Mungu. Kilango ulikificha kwa Samson wiki nzima. Kweli au si kweli?"

"Hilo ni kweli."

"Basi na hili ni utani wako. Umemtania baba yangu akiwa mbele ya Mola wake. Mshenga wako asije."

Alikata simu, akatia udhu. Aliswali rakaa mbili, na baada ya salamu alibaki kwenye mswala, viganja juu. Hakuomba mume. Aliomba aonyeshwe ukweli wa mtu yule, uwe mtamu au mchungu, na apewe nguvu ya kuupokea.

Kesho yake, baada ya adhuhuri, Fikirini alisimama mbele ya baraza, ovaroli limepigwa pasi, mfuko wa vifaa mkononi.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Wewe ndiye fundi?"

"Ndiye. Sijaja kujitetea. Nimekuja kulitafuta kosa langu, maana bado silijui. Nikilipata nitalitoa, halafu niondoke."

Mzee alimtazama, akamwashiria Sabaha alete ufunguo. Aliutoa bila kumwangalia.

Fikirini aliwasha gari, redio ikaitika. Alipima kila waya. Akabonyeza swichi, kilango kikafunguka, akabonyeza, kikafunga. Alirudia mpaka jasho likamtiririka, na kilango kikamtii kila mara. Bi Siti akaleta maji. Fikirini akanywa, akaketi kwenye kizingiti cha mlango wa gari.

"Mzee, sioni kitu. Afadhali ningekiona, hata kama kingeniaibisha."

Sabaha alisikia sauti ile, na kwa mara ya kwanza tangu jana akainua macho. Mtu anayetania haongei hivyo.

Mzee Abdulmajid alikuwa anavuta tasbihi. "Binti," alisema, "mimi nilipoanza kuadhini, wewe ulifanya nini?"

"Nilizima redio, baba. Kama ulivyotufundisha."

Mkono wa Fikirini ulisimama hewani na bilauri. Akaingia ndani ya gari pole pole, akazima redio. Krrr. Gari likapasuka kwa mngurumo, kuku wakaruka. Akawasha redio, akabonyeza swichi, likanyamaza.

"Waya wa antena," alisema, akishika kichwa. "Redio ikiwaka, rilei inashika, kilango kinaisikiliza swichi. Redio ikizimwa, rilei inaachia, umeme unakwenda upande wa kufungua. Nilijaribu kila kitu isipokuwa redio kuzimwa. Mimi adhana ikilia nachomoa ufunguo kabisa. Kuzima redio peke yake, gari likiwa linawaka, sijawahi hata siku moja."

Mzee aliacha tasbihi. Mabega yakaanza kumtikisika, kisha kicheko kikamtoka mpaka akakohoa. "Bi Siti, umesikia? Mimi nimezibwa mdomo na adabu ya mwanangu."

Fikirini akavunja kazi yote. Alivuta waya mpya kutoka kwenye umeme unaokuja na ufunguo, akauwekea fyuzi yake, akakwangua rangi mpaka chuma kikang'aa ndipo akafunga hapo waya wa kurudisha umeme kwenye bodi ya gari. Sabaha alichuchumaa pembeni kumpa utepe.

"Na lile la Samson?" alinong'ona.

"Lile nilikosa kwa makusudi. Nisamehe kama la makusudi."

"La makusudi lina adhabu yake."

"Itaje."

"Utanipigia kila siku, hata kama hakuna habari."

Alasiri ilipofika gari lilikuwa linawaka mbele ya nyumba. Kipaza sauti kikakohoa. Sabaha alinyoosha mkono, akasema bismillahi moyoni, akazima redio. Hakikulia kitu. Sauti ya baba yake ikapita juu ya mabati, imezeeka, imetulia, nzima.

Jumapili mshenga alikuja na kanzu yake na maneno yake ya heshima. Mzee Abdulmajid akamwita binti yake sebuleni, akamuuliza mbele ya wote kama yuko radhi. Sabaha alikuwa amejitanda kanga mpya. Akainamisha kichwa, midomo imefungwa.

Simu ikaita mkononi mwake. Fikirini alishindwa kusubiri. Mzee akaashiria apokee, wote wasikie. Nyuma ya sauti ya Fikirini redio ilikuwa inatangaza mpira.

"Saba, wamefika? Umesemaje?"

Sabaha hakujibu.

"Saba? Au mtandao umekata?"

Mzee aliisogelea simu. "Fundi, mtandao mzima. Binti ameulizwa, amenyamaza."

"Amenyamaza, mzee?"

"Amenyamaza. Wewe umesoma madrasa, unajua maana yake."

Kule Gerezani kukasikika swichi ikibanwa, na mtangazaji wa mpira akakatwa katikati ya neno. Fikirini alikuwa amezima redio.

"Alhamdulillahi," akasema, na baada ya hapo hata yeye akanyamaza.