Kengele ya Chumba cha Buluu

Kengele iliyokatwa waya hailii. Hilo halihitaji elimu. Lakini ile ya tano, kwenye ubao uliotundikwa karibu na jiko la Madam Moza huko Al Rayyan, Qatar, ililia mchana kweupe, baada ya adhuhuri, nyumba nzima imelala na viyoyozi vinanguruma. Na Time, mmoja wa wapishi wake, akaitika.

"Abee!"

Usimcheke. Mtoto wa kike wa Msambweni hufundishwa kuitika kabla hajafundishwa kufagia. Ukiitwa ukanyamaza, unaambiwa jeuri, na mama yako anasemwa pamoja nawe. Time alikuwa anasugua sufuria, mawazo yako kwao, kengele ikalia, ulimi ukatangulia. Wazee walikataza kuitikia usichokiona, hasa jua likiwa utosini. Lakini nani anakumbuka ya wazee mikono ikiwa ndani ya povu?

Jebet, mpishi mwenzake kutoka Kericho, aligeuka na mwiko mkononi.

"Unaitikia nani?"

"Si nimeitwa?"

"Na nani? Madam amelala. Hiyo kengele haina waya, niliona fundi akiitundika."

Wote wawili wakaitazama. Ilikuwa bado inatikisika juu ya springi yake. Kisha ikaja harufu, kama ya maji ya maua yaliyosahauliwa chomboni wiki nzima. Jebet akafungua dirisha, joto la Doha likaingia, na harufu haikutoka.

Ubao ule ulitoka mbali. Madam Moza alisoma Uingereza ujanani, na huko aliipenda nyumba moja kubwa ya shambani iliyoitwa Aldermere, ambayo watu waliruhusiwa kuitembelea. Aliposikia inabomolewa, mwaka 2012, alinunua kitanda chake kimoja na ule ubao wa kengele za kuitia watumishi, akavileta kwa meli. Kila alipopata wageni aliwasimulia, na Time, akizungusha vikombe vya kahawa, alikuwa ameshaijua hadithi yote. Aliyeijenga alikuwa tajiri wa sukari, sukari ya visiwa vya mbali iliyolimwa na watumwa. Mwanawe aliongeza vyumba mpaka wenyewe wakawa wanapotezana humo. Mjukuu alikula nusu ya mashamba kwa kamari. Kisha vita vikachukua wavulana wawili wa nyumba, akabaki dada yao, Bi Eleanor, ambaye hakuolewa. Watumishi walipungua hadi akabaki mmoja, na huyo naye aliondoka asubuhi moja bila kuaga. Bi Eleanor alikutwa kwenye chumba cha buluu, amekufa kitambo, kamba ya kengele imemzunguka kiganjani.

"Maskini," wageni walisema, wakichukua tende nyingine.

Time naye alikuwa na lake moyoni, nalo lilikuwa moja: Saida. Alimwacha binti yake akitambaa, na sasa alikuwa na miaka mitano. Kwenye simu, Time akimwita, mtoto alijificha nyuma ya leso ya nyanya yake, kimya.

"Njoo umwite mwenyewe, ana kwa ana," mama yake Time alimwambia. "Damu ni damu, mwanangu. Ataitika."

Kwa neno hilo Time aliishi. Likizo alikuwa ameshapewa, sanduku liko tayari chini ya kitanda.

Sasa kengele ikawa inalia kila mchana. Jebet alipanda kiti akasoma maandishi yaliyofifia chini yake, akashuka upesi. "Imeandikwa chumba cha buluu," alinong'ona. "Mungu wangu. Time, usiende huko juu, tafadhali."

Kile kitanda cha Aldermere kilikuwa huko juu, kwenye chumba cha wageni ambacho Madam alikipaka rangi ya buluu kwa kumbukumbu, na Time hakutaka kwenda, Mungu shahidi, lakini kengele ilipolia miguu ilimchukua, akapanda ngazi moja baada ya nyingine huku akisoma Ayatul Kursi na kuikosea, akafungua mlango akakuta baridi isiyo ya kiyoyozi, kwa maana kiyoyozi kilikuwa kimezimwa, na shuka alizozitandika mwenyewe asubuhi zimebonyea kama mtu amelala, na alipokaribia, mkono asiouona, mwembamba, mkavu, ukaushika mkono wake ukaung'ang'ania kama mgonjwa anavyong'ang'ania, na akasikia kilio kidogo cha kizee ambacho hakikumtisha kama kilivyomuumiza, kwa sababu alikijua: ndivyo yeye mwenyewe alivyolia kitandani usiku wa kwanza wa kuachana na Saida. Mto wake uliloa mpaka asubuhi.

Siku ya safari, Hamza, dereva wa nyumba, mtu wa Unguja, alipakia sanduku garini. Time alipofika kizingitini miguu ikafa. Nyuma yake kengele zote za ubao zikalia pamoja, na yeye akaanguka akitetemeka kwa baridi, nje jua linachoma. Ndege ikaondoka. Madam akadhani ni homa, akamhurumia, akamsogezea safari hadi wiki iliyofuata.

"Dada Time," Hamza alimwambia kwa sauti ya chini, "hii wallahi si homa."

Ijumaa akampeleka mtaa wa Najma, kwa Maalim Omari, Mpemba mwenye cherehani ya kushonea kanzu na ujuzi ambao hakuutangaza. Mzee alisikiliza kisa chote cha ubao na Bi Eleanor, kisha akamshika kiganja kile kilichokamatwa, akakiachia haraka.

"Baridi hii!" alisema. "Ulimwitikia?"

"Nilimwitikia, Maalim. Bila kujua."

"Basi ndiyo hayo. Huyo hakutakii ubaya, binti yangu. Ni mpweke. Aliita watu wakamkimbia, wewe umemwitikia, umekuwa wake. Ukitoroka atakushika tena."

Time akalia. "Nina mtoto, Maalim. Ananisubiri."

"Kamuage. Yule wa mwisho hakumuaga, na jeraha lake ni hilo. Mwambie: bibi, naomba ruhusa, naenda kwetu. Akikuachia mkono, geuka utoke. Usiongeze neno hata moja. Umenisikia?"

"Nimesikia."

Mchana wa safari ya pili alipanda peke yake, Jebet amesimama chini ya ngazi akisali kwa Kikalenjin. Shuka zimebonyea. Mkono ukamshika.

"Bibi," Time alisema, meno yakigongana, "naomba ruhusa. Naenda kwetu."

Kilio kikaanza, kidogo, kikanyamaza. Vidole vikalegea kimoja kimoja, na mkono wake ukawa huru. Time akageuka. Pale mlangoni roho ikamuuma. Jamani, kuachwa kubaya. Na mtu hatoki kwa mtu kavukavu, hivyo sivyo alivyolelewa. Ulimi wa kwao, ule ule ulioitika, ukatangulia tena.

"Karibu kwetu nawe, bibi," akasema.

Akashuka. Kizingiti akakivuka. Hamza akaendesha mpaka uwanja wa ndege akimshukuru Mungu kwa sauti, na kabla Time hajapanda, Jebet akapiga simu akicheka na kulia.

"Imenyamaza! Hata ile harufu imeisha. Nenda mama, nenda ukamwone mtoto."

Msambweni walimpokea kwa vigelegele. Vilipokoma, nyanya mtu akamsukuma Saida mbele, amevalishwa gauni jipya, nywele zimesukwa. Time akapiga magoti uani. Miaka yote alikuwa ameusubiri wakati huu.

"Saida," akaita.

Mtoto akamtazama. Akarudi nyuma, akaishika leso ya nyanya yake.

"Saida, mwanangu. Ni mimi, mamako."

Saida akajificha nyuma ya leso. Nyanya akacheka kwa aibu. "Ana haya tu. Mwite tena."

Ndipo harufu ikapita uani, ya maji ya maua yaliyosahauliwa. Na kutoka chumba cha ndani, katika nyumba isiyo na kengele hata ya baiskeli, kikalia kijisauti chembamba cha kengele, mara moja.

Saida akainua uso, akatabasamu. Akaiachia leso, akampita mama yake pale alipopiga magoti, akakimbilia ndani.

"Abee, bibi!"