Weupe wa Roboti

Katika soko la vitu vilivyotumika, watu wakiwa wamesongamana kama nyuki, mikono miwili ilimshika roboti mmoja wa plastiki, wa kuchezea. Wa kwanza ulikuwa wa mfamasia, mwanamke aliyevaa gauni la kijivu lililonyooshwa vizuri kwa pasi. Wa pili ulikuwa wa fundi wa lifti, mwenye ovaroli ya buluu na harufu ya grisi.

"Dada, mimi ndiye niliyemwona kwanza."

"Umemwona. Mimi nimemshika."

"Unamjua lakini, au unamnunulia mtoto?"

"Ametengenezwa Japani, ngumi zake huruka ukimbonyeza mgongoni, na hii ya kushoto si yake. Mtoto sina."

Fundi alimwachia roboti, kisha akaomba namba ya simu.

Tangu amzike mama yake, mfamasia hakuwa amelia wala kucheka sawasawa. Dunia ilimfikia kama mazungumzo ya jirani nyuma ya ukuta. Hata penzi la fundi halikumpiga kama radi. Alijisikia kama mtu aliyevua viatu vilivyombana, basi. Jioni zao zilipita mezani kwa fundi, wakikaza skrubu ndogo na kutaniana kwa sauti ya chini.

"Mtu mzima na midoli," dada yake mfamasia alimcheka kwenye simu. "Na shemeji naye anacheza?"

"Hatuchezi. Tunakusanya."

"Haya, kusanyeni. Mtazeeka mkikusanya, hamjaoana."

Kwenye rafu ya juu ya fundi alisimama roboti mmoja aliyegeuka manjano kama meno ya mzee. Fundi alipopelekwa mji mwingine kikazi, alimwachia mfamasia ufunguo wa nyumba, naye akaamua kumfurahisha. Wakusanyaji wote wanaijua njia: plastiki ya namna hiyo hulowekwa katika peroksaidi, dawa ile ile ya kuoshea vidonda, kisha huanikwa juani. Alimfungua roboti kiungo kwa kiungo, akamloweka, akamwanika, akamuunga. Akawa mweupe kama siku aliyotoka kiwandani.

Fundi aliporudi, aliweka mkoba chini, akamnusa roboti kifuani.

"Umeutoa moshi."

"Moshi gani?"

"Wa sigara za kaka. Alimweka kando ya kitanda mpaka anakufa. Ule umanjano ndio uliobaki wa kwake."

Mfamasia alitafuta machozi, hakuyapata. "Pole," alisema, kwa sauti kavu.

Fundi alimtazama machoni. "Hata hujali. Niachie ufunguo."

Yakafuata majuma ya kimya. Mfamasia alikwenda kazini, akarudi, akalala.

"Maji yakimwagika hayazoleki," dada yake alimwambia. "Lakini yule si maji, ni mtu. Mpigie."

Alipiga.

"Fundi."

"Daktari wangu."

"Nilikosea kutokuuliza kwanza. Hilo moja. La pili, sijalia tangu mama afe. Si kwamba sijali. Nimekufa ganzi."

"Ungeniambia."

"Nawe ungeniambia habari za kaka."

"Ningeanzaje? Kwamba mimi na ndevu zangu nanusa mdoli?"

"Mimi sijaufua mto wa mama mpaka leo."

"Basi tuko sawa. Sasa unahisi nini?"

"Sihisi kitu. Ila nikifunga kazi, miguu inataka kuja kwako."

"Mapenzi ya miguu."

"Ndiyo niliyo nayo, mpenzi."

Kesho yake mchana fundi aliingia katika duka la dawa, amevaa shati jeupe lililopigwa pasi upande mmoja tu. Aliwapita watu wote, akainama dirishani.

"Nimekuja kukuposa. Dada yako nimeshampigia, amesema tumechelewa."

"Panga foleni kama wenzako."

Akapanga, nyuma ya bibi mwenye kikohozi. Zamu yake ilipofika, aliyarudia maneno yale yale.

"Ndiyo," alisema mfamasia, kama anayemweleza mgonjwa anywe mara tatu kwa siku.

"Ndiyo tu?"

"Ndiyo. Mengine yatakuja, au hayatakuja."

Fundi alipitisha mkono chini ya kioo. Mfamasia aliushika. Ulikuwa na joto, na joto hilo alilihisi. Nyuma watu walianza kunung'unika. Hakuuachia.