Barua Aliyoificha Marlys

Kila asubuhi kabla ya basi la shule kufika, Marlys Odegaard alizoa theluji mlangoni kwa sepetu. Zamani ilikuwa kazi ya kaka yake, Torvald. Torvald aliuawa vitani ng'ambo, na Marlys, msichana wa miaka kumi na miwili, alimchukia rais aliyempeleka huko kuliko alivyowahi kumchukia mtu yeyote.

Basi Mwalimu Haugen alipotangaza kwamba darasa lingejifanya Bunge na kumhukumu rais yule, Marlys aliomba awe mshtaki. Alisoma wiki nzima. Alikuta mabilioni ya dola yaliyomwagwa kwenye makombora. Alikuta pia jambo lililomuudhi: rais alianza vita bila kibali cha Bunge, lakini siku ya pili aliliandikia barua kulijulisha, kama sheria inavyotaka. Barua hiyo ilimfanya aonekane muungwana. Marlys akaichomoa kwenye faili.

"Atanitambua," akajisemea.

Siku ya kesi alinguruma kwelikweli. Alidai kwamba rais alipigana kwa siri na Bunge halikuambiwa lolote. Kisha Wendell Klassen, aliyemtetea rais, akainuka taratibu na nakala ya barua mkononi.

"Marlys, na hii je? Au ililiwa na mbwa wenu?"

Darasa zima likacheka. Njia ya mwongo ni fupi, jamani! Hata habari ya makombora, iliyokuwa kweli tupu, hakuna aliyeiamini tena. Mwalimu akaahirisha kura hadi kesho yake.

Nyumbani Marlys alilia kwa hasira, akasimulia yote. Bibi yake, aliyewahi kuwa karani wa mahakama, hakumbembeleza. Aliomba barua ile, akaisoma, akamuuliza sheria inampa rais siku ngapi za kupigana bila kibali.

"Sitini, Bibi."

"Zinahesabiwa tangu lini?"

Marlys akaitazama tarehe ya barua. Zilihesabiwa tangu barua ile. Akaishusha kalenda ukutani, akahesabu kwa kidole. Sitini zikaisha. Bunge halikuridhia, na rais badala ya kurudisha askari aliwaongeza. Torvald aliuawa siku ya sabini na moja.

"Umeona?" Bibi akasema. "Leo wakili wa rais hakuwa yule mvulana. Ulikuwa wewe."

Kesho yake Marlys aliwaomba radhi wenzake, akaisoma barua neno kwa neno, akahesabu siku mbele yao bila kupaza sauti. Alipoitaja ya sabini na moja, hakuna aliyecheka. Mwalimu alipoitisha kura, mkono wa kwanza kumtia rais hatiani ulikuwa wa Wendell.

"Kudai haki ya ndugu yako si kosa," Mwalimu Haugen akamwambia Marlys. "Ila mkosaji hapati msaada mkubwa kuliko ule anaopewa na mshtaki mwongo. Jana ulimfungulia mlango. Leo umeufunga kwa ukweli, na hana pa kutokea."